Ubeti wa Nne Mjini Leipzig

Mlipokunja gazeti wiki iliyopita, Bi Zuwena alikuwa wima. Wima katikati ya kanisa, mjini Leipzig, Ujerumani, noti ya euro tano kaishika kwa vidole viwili, na watu mia sita wamekaa kimya kiasi kwamba tumbo la Uweso liliponguruma, bibi wa safu ya nne alitazama juu kuona kama mvua inakuja.

Basi bado yuko wima. Kaeni vizuri.

Wewe uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, sikuachi nyuma. Bi Zuwena wa Nguvumali, hapa hapa Tanga, ndiye aliyetunga "Mlango Sijaufunga". Alimtungia binti yake, Mastura, akiwa kitandani anaumwa. Mastura alikuwa mke wa Uweso, mpiga fidla na kiongozi wa kikundi cha taarabu. Mastura akafa. Siku mia moja hazijatimia, Uweso akamuoa Sabra, shoga wa marehemu, yule yule aliyekuwa akishinda uani kwa Bi Zuwena akimpikia mgonjwa uji.

Sasa kikundi kimealikwa Leipzig, mji ambao hata njiwa wake wanatua kwa kufuata mdundo. Kesho Jumapili wanaimba na wanarekodiwa. Kitabu cha onyesho kinaingia mtamboni leo saa kumi na mbili jioni, na ndani yake pameandikwa: "Mlango Sijaufunga", mtunzi Sabra.

Kikichapwa hivyo, Bi Zuwena amezikiwa mtoto mara mbili.

Ndiyo maana kasimama.

Sasa lile kanisa. Ni lile alimolazwa mzee Bach, mtunzi wao mkubwa. Jina lake litamke kwa ile kh ya khofu. Sisi wa pwani hatuna taabu nalo, Waingereza ndio linawakwama. Mzee kalala sakafuni, mbele kabisa, chini ya bamba la shaba lenye maua mabichi juu yake. Waimbaji hawapo mbele. Wako nyuma, juu roshani, vijana watupu, wadogo wao wamevaa kibaharia. Watu wamewapa mgongo. Muziki unakujia kisogoni kama mdai, na haupigiwi makofi.

Bi Zuwena alikuwa amekaa kando ya Ernesti, mkalimani. Mzee huyu ni wa Maramba, Mlutheri, alisoma papo hapo Leipzig enzi zile za ukuta uliogawa Ujerumani. Dakika tano kabla hajasimama, alimgusa kiwiko.

"Ernesti, wanasemaje hawa?"

"Wanamsifu Mungu, Bi Zuwena."

"Wakifika penye maneno ya mwizi, niambie."

"Ya mwizi?"

"Hakuna wimbo wa maana duniani usio na maneno ya mwizi. Niambie."

Ernesti akakuna kidevu. Sauti za juu zikabadilika, zikawa nzito. Akainama sikioni mwa mama wa watu.

"Hapo sasa. Wanasema: aliyeiba atajulikana, na jina lake litatajwa mbele za watu."

Mama akafungua mkoba.

Nani hapa Tanga asiyejua sheria ya kutunza? Mwimbaji akifika kwenye mstari unaokugusa, unainuka na noti yako. Huendi mbio, unakwenda kwa mwendo, kiuno kikijibu ngoma. Unapita mbele ya hasimu wako, unampepea nayo usoni, ndipo unampelekea mwimbaji. Maana yake moja tu: mstari huu ni wangu, nimeusema mimi. Ukishautunza umeutia saini.

Bi Zuwena akaenda kwa mwendo. Ngoma hakuna, lakini alikuwa nayo kichwani. Akafika penye safu ya Sabra, akasimama, akampepea. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu ikamgusa ncha ya pua.

Wajerumani wa pande zile walidhani mama anamfukuzia nzi.

Kisha akakwama. Mwimbaji atamtunzaje, naye yuko juu roshani, ngazi hazionekani? Akageuka huku na huku. Halafu akatabasamu. Mwimbaji hafikiki, lakini mwenye wimbo si yule pale kalala?

Akaivuka kamba nyekundu, akamwekea mzee Bach euro tano juu ya bamba, katikati ya maua. Akarudi kukaa, kifua kimetulia kwa mara ya kwanza tangu washuke kwenye ndege.

"Nimempata," akanong'ona.

"Umempata," Ernesti akasema, na midomo yake ikawa inacheza.

Hakumpata, wasomaji wangu. Kapatikana yeye.

Turudi asubuhi, mezani kwa chai. Sabra alimpita Bi Zuwena akaitoa kwa sauti ya juu, kila mtu asikie: "Shikamoo, mama!" Bi Zuwena akaendelea kupaka mkate siagi. Marahaba haikutoka. Sabra akacheka, akaenda kukaa kwa Ernesti.

"Mzee Ernesti, ile suruali umeshaisahau?"

Ernesti akaweka kikombe chini.

Suruali ipi? Mwaka wa themanini na nane Ernesti alirudi kutoka Leipzig na suruali pana chini, aliposhuka nayo stesheni ya Tanga ilifagia jukwaa lote na wafagiaji wakapewa siku ya mapumziko. Akaenda nayo Nguvumali kumposa Zuwena. Akaahidi hata dini atabadili. Zuwena akamjibu ukumbini, kwa wimbo, kwamba suruali ya bwana yule ingefuga kuku na vifaranga na bado pangebaki chumba cha mgeni. Mji ulicheka mwaka mzima. Ernesti akahamia Maramba akalime iliki, na hakuoa mpaka alipoota mvi.

"Sijaisahau," alisema Ernesti.

"Basi leo huko kanisani atakuuliza maneno. Namjua. Wewe nani kakulazimisha useme kweli?"

Na kweli hakusema. Mstari ule aliouita wa mwizi, kwa Kijerumani ulikuwa hivi: Mkosa ni mimi, na hukumu iwe juu yangu.

Huo ndio mstari alioutunza Bi Zuwena. Kautia saini mbele ya watu mia sita na marehemu mmoja.

Na Sabra alikuwa na simu mkononi tangu mama alipoinuka. Ile picha inayotembea iliishia kwenye bamba la shaba. Akaandika chini yake maneno ya Kijerumani yamegeuzwa Kiswahili, kama Ernesti alivyomfundisha asubuhi, akayarusha kwenye kundi la wana Nguvumali, watu mia mbili na kumi. Bi Zuwena hajakaa vizuri, simu yake mwenyewe ikaanza kutetemeka mkobani kama kuku aliyefungwa miguu. Akachungulia.

"Mwizi katubu kaburini kwa watu!"

"Mama mzima! Na safari yote ile!"

"Sabra dada yetu, pole, sasa tumejua."

Na mwingine, jirani wa ukuta mmoja, aliyekula naye futari miaka ishirini: "Mimi siku zote nilimshuku."

Bi Zuwena akamgeukia Ernesti taratibu.

"Ulisema mwizi atatajwa."

"Ametajwa," alisema Ernesti. "Suruali inakusalimu."

Hakulia. Ningependa kuwaambia alilia, lakini hakulia. Alimtazama Sabra, safu ya mbele yao, ambaye alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti kumla kwa macho. Mama akafanya jambo moja tu. Aligusa ncha ya pua yake kwa kidole, pale noti ilipomgusa mwenziwe, kisha akakipangusa kile kidole kwenye leso kama mtu aliyeshika uchafu.

Ebu niambieni mwanamke gani wa Tanga angestahimili hilo.

Mtego umenasa, ushindi anao, alichotakiwa ni kukaa. Lakini Sabra damu ilishampanda. Kutunziwa usoni bila kujibu? Akilini akawaona kina mama wote wa ukumbini kwao wamejipanga mlemle kanisani wakimtazama. Akainuka, kachomoa noti ya kumi.

"Kaa!" Ernesti akamfokea kwa sauti ya chini, akamdaka gauni. "Kaa chini wewe, usitunze!"

"Niache!"

"Sabra, mstari ni..."

Gauni likamponyoka.

Nyimbo za mzee Bach haziendi kama zetu. Mstari mmoja hausemwi ukaisha. Kundi moja linauanza, la pili linaudaka, la tatu linaingia kabla la kwanza halijatoka, na maneno ni yale yale, mara ya nne, mara ya saba. Sabra alikatiza kanisa zima, kiuno kikizungumza, akampepea Bi Zuwena, akatua noti yake kaburini, na juu roshani vijana wote kwa pamoja walikuwa wanasema: Mkosa ni mimi, na hukumu iwe juu yangu.

Mzee mmoja wa kanisa akaja, akaziokota noti zote mbili kwa adabu, akaenda kuzitia kwenye sanduku la kukarabati paa.

Saa kumi na nusu, jina la mtunzi likigombewa, walikuwa ofisini kwa mwenyeji wao, Frau Gerlinde, ambaye kina mama walishamgeuza Bi Gelinda. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya kanisa, kinanda kwenye kona, kile kitabu cha onyesho mezani kikingoja kwenda mtamboni. Uweso alikuwa na fidla yake, maana walikuwa waende mazoezini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani kuwa fidla.

Ernesti akawahi kusema Kijerumani kirefu. Bi Gelinda akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu kifupi.

"Anasemaje?" akauliza Bi Zuwena.

Ernesti akakohoa.

"Ernesti. Leo umeshanidanganya mara moja. Uweso, mwanangu, mwambie aseme."

"Sema, mzee," alisema Uweso akitazama viatu.

"Nimemweleza kwamba kwa mila yetu, aliyetunza mstari kaukubali. Kwa hiyo Bi Zuwena kakubali kosa."

"Na yeye?"

Ernesti akapangusa jasho. Baridi yote ile, jasho.

"Anasema kwa mila hiyo, na huyu wa pili kakubali. Anasema yeye Kijerumani anakisikia. Wote wawili mmetunza mstari ule ule."

Sabra akashtuka. "Mzee Ernesti! Nilitunza nini mimi?"

"Si nilikuvuta gauni?"

"Ulinivuta kama mhuni, sikujua unanisaidia!"

Bi Gelinda akagonga meza kwa kalamu, akasema tena. Ernesti akafasiri, na safari hii, kwa woga, akafasiri vizuri: "Anasema saa kumi na mbili kitabu kinaondoka. Jina ni moja. Aliyetunga wimbo anaujua wote. Kila mmoja aimbe, yeye asikilize. Asipojua, jina linafutwa."

Bi Zuwena akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini. Sasa alionekana mtu mwenye raha.

"Aanze yeye," alisema. "Mwambie Bi Gelinda wimbo una beti nne. Kikundi tunaimba tatu. Miaka yote tunaimba tatu. Basi huyu mtunzi aimbe zote nne."

Uweso akainua macho. "Mama, una ubeti wa nne? Mbona sikuwahi kuusikia?"

"Hukuwahi."

Nyinyi mliosoma tangu mwanzo mnaujua. Ubeti wa nne Bi Zuwena hakuwahi kuuimba ukumbini. Aliuimba mara moja, mchana mmoja wa Ijumaa, wanaume wako msikitini, mlango umefungwa, yeye na Mastura peke yao chumbani. Katikati ya ubeti mtoto akaomba dawa. Mama akanyoosha mkono dirishani, dirisha la uani, alipoiweka dawa ikiwa imeshakorogwa kikombeni. Hamna kikombe. Akaenda kutafuta jikoni, akatafuta kabatini, akakoroga nyingine kwenye bakuli. Alirudi kitandani, akaumaliza ubeti huku anamwinua kichwa. Dawa ilimwagika shingoni. Mastura alikuwa ameshakwenda.

Kikombe hakikuonekana tena. Mama mwenyewe aliamua kwamba alipotewa na akili, kwamba pengine hakukoroga dawa yoyote. Miaka mitatu anajilaumu. Kila akisali anajilaumu.

Lakini ubeti ule alikuwa nao, na mwingine aliyeusikia yuko kaburini. Ndiyo raha aliyokuwa nayo pale kitini.

"Haya, shoga," akamwambia Sabra. "Imba."

Uweso akaiweka fidla begani. Sabra akaimba wa kwanza. Sauti anayo, tusimnyime haki yake. Akaimba wa pili. Akaimba wa tatu, akanyamaza.

Fidla ikanyamaza. Bi Gelinda akasubiri. Ernesti akaangalia saa ya ukutani.

"Umeishia hapo?" akauliza Bi Zuwena kwa upole.

Sabra akatabasamu.

"Unanidharau sana, mama," alisema. "Uweso, piga."

Na akaimba:

"Mastura ukienda, taa mama nimewasha,
Mlango sijaufunga, hata kukicha nakesha..."

Mkoba wa Bi Zuwena ukaanguka. Ukafunguka, tasbihi ikakatika, shanga zikasambaa chini ya kinanda. Hakuziinamia.

Sabra akamtazama, akauvuta mstari uliofuata kwa madaha, akiupamba kooni:

"Subiri mwanangu, kikombe kiko wapi,
Siku utakaporudi, ingia bila kubisha."

Upinde wa Uweso ukakwaruza kwenye mstari wa tatu. Mpiga fidla wa miaka thelathini, ukakwaruza. Maana sikio lake lilisikia lisilowezekana. Washa, kesha, bisha, ubeti wote unatua kwenye sha. Huu mwingine umetoka wapi, hauna vina, hauna mizani, umeingia katikati kama mlevi msibani?

Sabra hakusikia kasoro. Alimgeukia Bi Gelinda, kidevu juu.

"Mwambie, mzee Ernesti. Mwambie zote nne ninazo. Na akiniuliza jina la Mastura limefikaje humo, mwambie tulikuwa mashoga. Nilimwimbia mwenyewe, tukisukana."

Ernesti akafasiri. Bi Gelinda akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavuta kitabu, akachukua kalamu. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi juu ya jina la Sabra, amwandikie alama ya ndiyo, akasita. Akauliza jambo.

"Anasema ni ubeti mzuri sana," alifasiri Ernesti. "Ila kuna neno moja hakulielewa. Nimemgeuzia maneno yote, lakini anauliza, hicho kikombe kina maana gani?"

Sabra akarekebisha mtandio. "Ni... ni fumbo tu. Taarabu ina mafumbo."

"Mwambie," alisema Bi Zuwena, na sauti ilitoka kama inatokea chini ya sakafu ile ya mzee Bach, "mwambie si fumbo. Yale si maneno ya wimbo. Niliyasema mimi kwa sauti ile ile ya kuimbia, nisimshtue mgonjwa wangu. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili chumbani, na mwenzangu alikufa kabla sijarudi kitandani. Mwambie hata mimi nauliza. Mwaka wa tatu nauliza. Aliyekuwa dirishani atujibu sote."

Ernesti hakufasiri. Suruali na kisasi vyote vilimtoka, akabaki mzee wa Maramba kashika kofia.

"Mama mwongo huyu!" Sabra akapiga kelele. "Uweso, twende zetu! Anatafuta huruma ya Wazungu! Mimi nilikuwa jikoni, napika uji!"

"Jikoni ndiko nilikokwenda kutafuta kikombe. Hukuwepo," alisema Bi Zuwena.

Uweso akashusha fidla taratibu, akailaza juu ya kinanda kama anayelaza mtoto. Hakumtazama mkewe. Alipiga magoti mbele ya Bi Zuwena, kati ya zile shanga.

"Mama. Hicho kikombe kilikuwaje?"

"Cha bati. Cheupe."

"Na ukingo?"

"Wa buluu. Kimebanduka rangi kwenye mkono, umbo la mwezi mchanga. Mastura alikuwa akichezea pale kwa ukucha." Akamtazama. "Kwa nini, mwanangu?"

Sabra alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Sabra," alisema Uweso, bado yuko magotini. "Kila asubuhi. Miaka mitatu. Uji wangu unanipa ndani ya nini?"